Kijana Aliyetazama Gia

Nyangeta, mama yangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Buswahili kumuaga bibi, na najua mtarudi jioni mmechoka, mmebebeshwa karanga na kuku ambaye hutaweza kupanda naye basi. Mimi nimebaki hapa barazani na karatasi nilizonunua dukani asubuhi. Mwenye duka aliniuliza kama naandika wosia. Nikamwambia bado sijashiba ugali wa dunia hii, anipe na kalamu inayoandika.

Mambo ya chumba, chakula, nguo za ofisini na watu wa kuwaogopa, mama yako amekwisha kuyasema, na atayarudia mpaka basi litimue vumbi. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Ulipopata hii kazi ya Mwanza nilifurahi mpaka nikamtangazia yule fundi baiskeli ambaye hata hatusalimiani. Kampuni ya malori, ofisi yenye feni, na binti yangu ndiye afisa usafirishaji. Halafu ukatueleza kazi ya kwanza waliyokupa. Kampuni ya bima imewaambia mabosi wako kwamba haitatoa bima mpya ya malori yao mpaka ione masharti ya kuajiri madereva yameandikwa na yanafuatwa: nani anaruhusiwa kushika usukani, anachunguzwaje, anapimwaje, nani anakataliwa. Wewe ndiye wa kuyaandika. Ukaniuliza huku unamenya viazi, "Baba, wewe umeendesha malori maisha yako yote. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?"

Nikakujibu, "Anzia kwenye tumbo. Dereva mwenye njaa hafiki." Ukacheka, mama yako akacheka, nami nikainuka nikatoka nje kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita. Nilitoka kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na jibu hilo lina jina la mtu.

Jina lake ni Masatu. Unamkumbuka. Mtoto mkubwa wa Mzee Manyama, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli, akakuachia mteremkoni ukaingia kwenye michongoma, kisha akakaa akikuchomoa miiba huku anakubembeleza usimsemee. Alipofariki wewe ulikuwa bwenini, Musoma. Tulikuambia breki za lori letu, lile fuso, zilikatika. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Ndani yake kuna ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio niliojifichia miaka yote hii.

Manyama unamjua. Anaingia kwetu bila hodi, na wewe umekua ukimwita baba. Labda hujawahi kuuliza kwa nini. Tuliingia jandoni msimu mmoja, tukauguza vidonda katika nyumba moja, tukala chungu kimoja. Kwetu mtu wa namna hiyo hapimwi. Neno lake likitoka limekwisha. Mtoto wake ni mtoto wako, na akija kwako na haja unamsikiliza kwa adabu, ingawa umekubali kabla hajafungua mdomo. Siilaumu desturi hiyo. Mwaka ule nilipolazwa, Manyama alilima shamba langu la mihogo lote, na siku niliyotoka hospitali hakunitajia hata jembe. Nataka tu ujue uzito wa kile kigoda alichokalia siku aliyomleta Masatu.

Unajua nilikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda, mpaka nikaweza kununua fuso langu mwenyewe lililokwisha kutumika. Nikawa nachukua dagaa na furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani, kutoka Bukima kupeleka Bunda, na msimu wa mavuno nachukua mahindi ya huku kwetu. Kisha mgongo ukagoma. Nilikuwa nikishuka kwenye gari natembea kama nimebeba gunia. Gari likalala hapa uani, kuku wakaanza kutagia chini yake.

Ndipo Manyama akaja, Masatu nyuma yake, shati limepigwa pasi mpaka linakatakata.

"Mwenzangu," akasema, "nasikia mgongo imekataa."

"Imekataa."

"Na gari limelala."

"Limelala."

"Basi kijana wako huyu hapa. Leseni anayo. Alikuwaga anaendesha gari ya daktari kule Musoma."

Nyangeta, mimi nilikuwa dereva. Niliposikia "gari ya daktari" nilijua palepale kwamba leseni hiyo ni ya gari dogo. Gari dogo na lori lenye mzigo havijuani hata kwa kusalimiana. Nilichotakiwa kusema ni "Lete niione." Maneno hayo yalinifika kooni kabisa. Lakini kumwambia mtoto wa Manyama atoe leseni mbele ya baba yake ingekuwa kumwambia Manyama usoni kwamba sikuamini. Niliona haya. Nikasema, "Hiyo imekwisha," nikamwita mama yako alete chai. Tulikunywa, tukazungumza habari za ng'ombe.

Juma lililofuata nilipanda naye kwenda Musoma, gari tupu. Moyoni nilijidanganya kwamba hicho ndicho kipimo, ila sikukiita hivyo kwa mdomo. Tulipoanza kupanda kilima cha kwanza nikaona. Kila alipotaka kubadili gia, Masatu aliinamisha macho akaitazama. Kidogo tu, kisha akarudisha macho barabarani. Mtu mwingine asingegundua. Lakini dereva wa lori haitazami gia. Mkono unajua wenyewe, kama wewe unavyojua ulipo mdomo wako gizani. Anayeitazama bado gari halijamwingia mwilini, na hakuna mzigo anaostahili kupewa mpaka limwingie.

Niliona, mama yangu. Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Watu huniambia, "Ungejuaje?" Nilijua. Nikageuzia uso dirishani kwangu, nikaanza kumsimulia jinsi baba yake alivyokuwa mwimbaji ujanani. Masatu akacheka, akasema, "Kumbe baba alikuwaga na sauti!" Tukaenda hivyo mpaka Musoma, mimi nasimulia, yeye anatazama gia.

Tulikwenda kukata bima. Dada wa pale ofisini, mpole, mwembamba, aliniuliza dereva ni nani, leseni yake ni ya daraja gani, ameendesha malori kwa muda gani. Masatu alikuwa nje analilinda gari. Nikasema, "Ni mzoefu." Akaniomba nimletee nakala ya leseni. Nikasema nitaleta. Alinipigia simu baadaye kunikumbusha, nikamwambia kesho, na kesho yake sikupokea simu yake. Nilimwona ni msumbufu. Niliona anataka nimvunjie Manyama heshima kwa ajili ya faili lake.

Na kilichonidanganya zaidi ni kwamba Masatu alikuwa kijana mzuri. Halewi, hachelewi, harudi na maneno ya njiani. Gari alilifuta kila jioni mpaka mama yako akasema laiti angefuta na vyombo vyake. Ungemwajiri kwa kazi yoyote. Nilimtazama nikaona tabia zake, nikadhani tabia njema zitamshushia lori mlimani. Kwa miezi kadhaa zilimshushia, maana alikwenda taratibu na mzigo ulikuwa mwepesi.

Siku yenyewe alinipigia kutoka Bukima. Mawingu yalikuwa yamefunga na wenye dagaa walitaka kuwahi soko la Bunda kabla ya mvua. Walikuwa wameongeza na magunia ya udaga, ile mihogo iliyokaushwa, na udaga si mzigo wa mchezo.

"Baba, hii mzigo ya leo ni kubwa," akasema. "Naonaga bora nibakize zingine, nitarudia."

Nilikuwa nakula. Nilikuwa na ugali mkononi. Nikamwambia, "Masatu, wewe si mtoto wa Manyama? Twende kazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo baba."

Ule unyamavu naujua mpaka leo. Kijana yule alikuwa ananiambia kwa adabu kwamba hawezi, kwa njia pekee ambayo mtoto wa kwetu anaweza kumwambia mtu wa rika la baba yake. Nami nikamfunga mdomo kwa jina la baba yake.

Kabla ya kuingia Bunda kuna ule mteremko mrefu. Kesho utaupita. Lori lenye mzigo linashushwa na gia ndogo, injini ndiyo inayolishika, breki unaigusa tu. Masatu alishuka kama anavyoshuka mtu wa gari dogo: gia kubwa, mguu kwenye breki muda wote. Breki zikachemka mpaka zikafa. Chini pale kuna akina mama wanauza ndizi kando ya barabara. Waliniambia walisikia honi mfululizo, wakamwona anakata kona kuingia kwenye korongo upande usio na watu. Wote wapo hai, na wengine bado wanauza palepale. Masatu hakufika hospitali.

Mkaguzi wa magari wa polisi aliniita nikaingiza kichwa ndani ya kabini. Alinionyesha tu kwa kidole. Gia ilikuwa bado ipo juu, ileile kubwa. Nikatikisa kichwa, nikakitoa nje, na mtu wa kwanza aliyeniuliza nikamwambia, "Breki." Harufu ya breki ilikuwepo, kila mtu aliinusa. Msibani nilisimama nikasema breki zilikatika, ni mapenzi ya Mungu. Manyama alikuwa ameketi mbele yangu, akaitikia kwa kichwa. Nikamsingizia Mungu na fuso kwa mpigo mmoja, na fuso wala halikuwa na kosa.

Palepale msibani alikuja yule daktari wa Musoma. Hakunijua. Alikaa karibu yangu, akaniambia, "Masatu alinihudumia vizuri sana. Lakini lori? Nani alimpa lori?" Nikamwambia sijui. Nilimwambia mtu aliyekuja kulia pamoja nasi kwamba sijui.

Bima walikataa kulipa. Nilikwenda ofisini kwao nikiwa na hasira za kujitakia. Yule dada alisimama aliponiona, akanipa pole, na nadhani alikuwa ameguswa kweli. Akaniambia leseni ya marehemu ilikuwa ya gari dogo, na mimi nilisema ni mzoefu.

"Kwa hiyo mnakataa kwa sababu ya karatasi?" nikamwuliza.

"Baba, sikukuuliza leseni ili nikusumbue," akasema. "Nilitaka kujua kama kuna mtu alimwangalia huyu kijana kabla ya kumpa gari."

Nilitoka nikaenda kusimama ufukweni, pale wanapooshea magari. Tangu siku hiyo nikawa natangaza kwamba watu wa bima ni wezi. Nililitangaza sana, mpaka wewe ukaliandika kwenye insha yako shuleni na mwalimu akakupa alama nzuri. Sasa unakwenda kukaa nao meza moja. Ukimkuta dada wa namna ile mpe kiti, na akikuomba nakala ya leseni mpelekee siku hiyohiyo.

Mke wa Masatu, Wegesa, alibaki na mtoto mchanga na hakuna alichopata. Sasa anauza nyanya stendi ya Bunda. Mimi nikiwa na safari ya Bunda huomba kushushwa kabla ya stendi, halafu nazunguka nyuma ya maduka. Mama yako anadhani ni mgongo, kwamba natembea kuunyoosha. Mtoto amekua. Analitazama gari lolote linalopita kama baba yake alivyoyatazama akiwa mdogo. Nimeona hayo nikiwa nyuma ya kibanda cha chipsi, nimejificha kama mwizi.

Basi, nikujibu lile swali la viazi.

Ningeanzia kwenye leseni. Iombe, ishike, isome daraja lake, kisha uwaulize walioitoa kama ni ya kweli. Fanya hivyo hata kwa mtu aliyeendesha miaka mingi, hata kwa mtoto wa bosi wako. Hasa kwa mtoto wa bosi wako, maana kwake ndipo utakapoona haya kuiomba. Halafu piga simu kule alikotoka. Piga mwenyewe, usimwachie karani. Usiulize kama ni mtu mzuri, watakuambia ni mzuri, na pengine ni kweli. Uliza kama wangempa tena gari lao likiwa na mzigo. Mimi namba ya yule daktari ningeipata kwa kuuliza mara moja tu.

Kisha panda naye. Kuzunguka uwanja wa ofisi hakukuonyeshi kitu. Tafuta mteremko, tafuta siku ya mvua, mpakie mzigo wa kweli, na awe kabini na dereva wa zamani asiye ndugu wa mtu yeyote pale. Wewe mwenyewe utajifunza kuona. Tazama kama analizunguka gari kabla ya kupanda, kama anagusa matairi au anayapita tu. Tazama macho yake yanakwenda wapi mkono unapotafuta gia. Ukiona kitu, kiseme wakati huohuo, kabla hujapata muda wa kukitafutia maneno ya kukificha. Mimi nilipata muda wa kilima kimoja tu, na ulinitosha.

Macho yapimwe. Usingizi uulizwe, maana madereva tunaona fahari kusema hatulali. Na usidhani ukishampima mtu umemaliza. Mgongo wangu uliharibika nikiwa kazini kiwandani, na kwa muda mrefu niliendesha pamba ya watu nikiwa siwezi kugeuza shingo kuangalia kioo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kulisha. Nilikuwa hatari barabarani, na wewe ulikuwa unavaa viatu vilivyotoka kwenye hatari hiyo.

Tena weka mlango kwa yule ambaye bado. Hili usilisahau. Watu wa bima watataka kujua unamkataa nani, na watakuwa na haki. Lakini ukimkataa kijana, mwambie anachokosa na umwonyeshe pa kukipatia: aendeshe gari dogo la kampuni kwanza, akae kiti cha pili na dereva mzee, arudi umpime tena. Masatu angekuwa dereva mzuri. Alikuwa na roho ya dereva. Aliyeamua kuingia korongoni badala ya kuwaparamia akina mama si mjinga. Alihitaji muda, na mtu wa kumwambia, "Bado, mwanangu." Sentensi hiyo si ndefu.

Sasa nifike kwenye Jumapili iliyopita, maana hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa na karatasi.

Ulikuwepo. Tumetoka misa, Manyama akaja, na nyuma yake Mafuru, mtoto wake wa mwisho, shati limepigwa pasi. Alikaa kwenye kigoda kilekile. Akasema, "Mwenzangu, mama yetu Nyangeta anaendaga kushika malori huko Mwanza. Huyu mdogo wake asimwache." Na mimi, Nyangeta, baada ya yote hayo niliyokueleza, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hiyo imekwisha." Nikakuita. Ulikuja na ndoo ya maji mkononi. Nikakuambia mbele yao, wala sikukuuliza. Ukasema, "Sawa baba," ukanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, ukaenda na ndoo yako.

Nilikufunga kamba siku ileile padre aliyokubariki misani kwa ajili ya safari yako. Ukimchukua Mafuru bila kumpima, masharti yako yamekufa kabla wino haujakauka, kila dereva wa kampuni atajua, na siku ya ajali bima watakuuliza maswali niliyoulizwa mimi. Kazi itakwenda, na kazi ndiyo hasara ndogo. Ukimkataa, huku nyumbani watasema binti wa Magesa amefika mjini akawadharau wazee wa rika la baba yake, na mama yako atakuwa anachota maji peke yake. Nimekupa mzigo wa udaga na mawingu yamefunga. Nawe ukaniambia "sawa baba" kwa sauti niliyokwisha kuisikia kwenye simu kutoka Bukima.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Leo mlipoondoka tu nikachukua fimbo nikaenda kwa Manyama.

Nilimkuta anaziba pengo kwenye boma la ng'ombe. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikamwambia, "Mwenzangu, nimekuja kulichukua neno langu la Jumapili. Nilimfunga mtoto bila haki." Akaendelea kukata miba. Basi nikamweleza na mengine. Leseni ambayo sikuiomba. Gia aliyokuwa akiitazama. Simu ya Bukima, na jinsi nilivyolitumia jina lake kumsukuma mwanawe. Gia iliyobaki juu. Nikamwambia breki hazikukatika, zilichemshwa, na nilijua tangu siku ileile, na nilisimama msibani nikamdanganya yeye na waombolezaji wote.

Aliweka panga chini. Nilidhani ataniambia niondoke kwake, na ningeondoka.

"Nilijuaga," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba Masatu lori haliwezi. Mimi ni baba yake, ningekosaje kujua? Alikuwa ananiambiaga mwenyewe, baba, lori sijashika. Nikasema ngoja nimpeleke kwa mwenzangu. Yeye ni dereva, atamwona siku ya kwanza, atamwambia kijana kaa pembeni ujifunze. Mimi ningesemaje mbele yako kwamba mtoto wangu hajui? Nilingoja wewe useme." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ukasema imekwisha. Nikasema, basi, mwenzangu ameona. Kumbe kijana anaweza."

Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe makavu, sikujali suruali. Miaka yote nimemkwepa mke wa Masatu, nimemwonea haya Manyama, na Manyama naye alikuwa anajificha nyuma ya kimya chake. Yeye alinyamaza ili asimwaibishe mwanawe mbele yangu. Mimi nilinyamaza ili nisimwaibishe yeye. Kijana akakaa katikati yetu anaitikia "ndiyo baba" huku na "ndiyo baba" kule.

"Tuliheshimiana sana, mwenzangu," akasema Manyama.

Tukalia. Nakuambia kwa sababu hujawahi kuniona nalia, na pengine unadhani huwa silii.

Kwa hiyo ile "sawa baba" yako ya Jumapili naifuta. Haipo. Mafuru atakuja ofisini kwenu kama anavyokuja kijana yeyote, na leseni yake mkononi, bila salamu zangu. Wote wawili tumemwambia hivyo leo palepale bomani, na hakukasirika, nadhani alipumua. Na mimi nikikupigia simu siku moja kukuombea mtu, maana najijua, mdomo huu una tabia zake, niulize kama nimepanda naye lori mteremkoni. Nikianza kukusimulia baba yake alivyokuwa mwimbaji, kata simu.

Kesho nitakusindikiza mpaka Bunda. Mama yako hajui bado. Basi lako litakuchukua, na mimi nitabaki stendi, upande wa mbele, penye nyanya. Sijui nitamwambia nini Wegesa. Nitaanza na gia.

Manyama alinisindikiza leo mpaka njia panda. Tulipotaka kuachana akanishika mkono, akasema, "Mwambie mama yetu ampime huyu mdogo. Ampime kama mtoto wa mtu asiyemjua. Akiona hawezi, asimwonee haya, na mimi asinionee haya. Anirudishie akiwa anatembea."

Nimempa neno langu kwamba utafanya hivyo.

Baba yako,
Magesa